Oili Haitoki Inapoonekana

Mafundi wa injini za dizeli wana kanuni moja fupi: oili haitoki pale inapoonekana. Ikishapenya kwenye ufa inashuka, inafuata mshono wa chuma, inazunguka kichwa cha bolti, inapeperushwa na upepo wa gurudumu, kisha inadondoka mahali pa chini kabisa ambapo hapana kosa lolote. Mtu asiye na subira ataweka kopo chini ya tone, atanunua gasketi ya hapo hapo, atakaza nati mpaka mkono uume. Kesho yake kopo lina oili.

Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu mashine za kusaga nafaka katika vijiji vya Dodoma, kuanzia Azimio la Arusha la 1967 hadi katikati ya miaka ya 1990. Kila ninapouliza kwa nini mashine ya kijiji ilisimama, jibu huwa lile lile, awe mtendaji mstaafu au kijana wa bodaboda: utunzaji mbovu. Wananchi hawakujua kutunza mali ya umma. Mwendesha mashine alikuwa mzembe, au mwizi, au vyote viwili. Jibu hili nimelisikia tangu utotoni, kwa sababu katika kijiji kimoja cha wilaya ya Mpwapwa mwendesha mashine aliyeitwa mzembe na mwizi alikuwa babu yangu, baba yake baba.

Hii ni historia ya injini yake. Ili ieleweke, inabidi kuanza mbali kidogo na Mpwapwa.

Rudolf Diesel aliomba hataza ya injini yake mwaka 1892. Mwaka 1897, mjini Augsburg, Ujerumani, injini hiyo ilipimwa rasmi na kuonekana kwamba inageuza zaidi ya robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi, jambo ambalo injini za mvuke za wakati ule zilikuwa mbali kulifikia. Haikuhitaji plagi. Hewa ilibanwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya dizeli ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga. Diesel alieleza baadaye, mwaka 1912, kwamba wazo hilo lilikuwa la serikali ya Ufaransa, iliyokuwa ikiyafikiria makoloni yake ya Afrika: karanga zinalimwa huko, basi makoloni yangejipatia nguvu bila kuagiza makaa wala mafuta kutoka nje.

Kwa hiyo Afrika ilikuwemo katika hesabu za injini ya dizeli mapema sana, na hesabu yenyewe ilikuwa nzuri: mashine inayoishi kwa kile kinachoota mahali ilipo. Injini zilizofika vijijini kwetu hazikuishi hivyo. Zilihitaji dizeli kutoka nje, oili kutoka nje, ringi na gasketi kutoka nje. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu ndilo lililomkuta babu.

Injini aliyokabidhiwa ilikuwa Lister CS. Kampuni ya R A Lister ilianzishwa mwaka 1867 katika mji mdogo wa Dursley, Gloucestershire, Uingereza, ikitengeneza vifaa vya wakulima. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilitoa injini ya dizeli iliyopewa herufi CS, kumaanisha kwamba inawaka ikiwa baridi, bila kupashwa moto kwanza kwa jiko la kupuliza kama injini nyingi za mafuta mazito za zama zile. Aina iliyopendwa zaidi ina silinda moja, nguvu farasi sita, na huzunguka mara 650 kwa dakika. Injini ya gari huizidi mwendo huo hata ikiwa imesimama kwenye taa. Lister ina magurudumu mawili ya chuma, kila moja zito kuliko mtu mzima, na hupozwa na pipa la maji: maji ya moto hupanda, ya baridi hushuka, hakuna pampu. Ni taratibu, ni nzito, na sehemu zake nyingi unaweza kuzigusa kwa mkono bila kufungua kitu. Dursley waliendelea kuitengeneza hadi mwaka 1987. Huko Rajkot, Gujarat, wahunzi na viwanda vidogo waliinakili na kuendelea nayo hadi karne hii. Rajkot iko Kathiawar, rasi ambayo familia nyingi za Wahindi wa Afrika Mashariki zilitoka, kwa hiyo injini na wenye maduka ya spea mara nyingine walikuwa na nyumbani kumoja. Vijijini hakuna anayejali tofauti. Zote ni Lista.

Ndani ya Lista, oili hulala chini ya krenki kama maji kwenye karai. Kijiko kidogo kilichofungwa mguuni mwa konrodi huichota na kuirusha kila mzunguko, na ukungu wa oili hulowesha beringi, kamu na kuta za silinda. Sasa fikiria pistoni. Ikishuka inaibana hewa iliyomo katika chumba cha krenki, na inashuka mara 650 kwa dakika. Hewa hiyo lazima ipate njia. Wabunifu waliiwekea tundu la kupumulia kwenye mlango wa chumba, na juu ya tundu kisahani chembamba cha chuma. Pistoni ikishuka, kisahani kinainuka na hewa inatoka. Pistoni ikipanda, kisahani kinalala na hewa ya nje hairudi. Matokeo yake ni kwamba ndani ya chumba cha krenki msukumo huwa mdogo kidogo kuliko nje, na palipo na mwanya wowote hewa huvutwa kuingia badala ya oili kusukumwa kutoka. Katika injini ninayoieleza hakuna sili ya mpira mahali krenki inapotokea nje. Oili inazuiwa na pumzi.

Kijiji chenyewe kilipangwa katika Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, familia zilipoondolewa kwenye maboma yaliyotawanyika na kuwekwa kwenye safu za nyumba. Bibi yangu anaikumbuka safari ile kwa kitu kimoja alichobeba kichwani, jiwe la kusagia. Kusaga uwele kwa jiwe kulikuwa ni kupiga magoti kabla ya alfajiri, mikono yote miwili juu ya jiwe dogo, kiuno kikienda na kurudi mpaka unga utoshe watu wa nyumba ile kwa siku ile. Kesho yake tena. Mashine ilipoletwa mwaka 1976, ikiwa mali ya kijiji, Bibi alipeleka debe lake, akasimama kwenye mstari, akarudi na unga kabla jua halijawa kali. Nilimuuliza alifanya nini na muda uliobaki. Alifikiri kwanza.

"Nililala," alisema. "Mchana. Nilikuwa sijawahi kulala mchana nikiwa mzima."

Babu alichaguliwa kuiendesha kwa sababu ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Kimamba na aliwahi kuziona injini zikifunguliwa. Hakuwa fundi. Alijua kupiga hendeli bila kuvunjika mkono, kujaza pipa la maji, kupima oili kwa dipstiki, na kusikiliza.

Daftari la kamati ya mashine bado lipo. Baba Mkubwa, kaka yake baba, amelihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, na alinipa nilisome nikiwa nimekaa mbele yake. Kwa miaka minne ya kwanza limejaa hesabu za senti na debe. Mwaka 1981 inaanza kutajwa oili. Mwezi Aprili kamati inaagiza fundi atafutwe kwa kuwa mashine inavuja. Agosti 1982 mjumbe aliyetumwa anarudi na taarifa kwamba spea hazipo Dodoma wala Morogoro. Novemba mwaka huo mwendesha mashine anaagizwa azibe mahali oili inapotokea. Mei 1983 kamati inaona kwamba oili inaisha haraka kuliko zamani, na mwendesha mashine anasimamishwa kazi. Sababu iliyoandikwa ni upotevu wa mali ya kijiji.

Tarehe hizo zinahitaji kusomwa pamoja na mambo yaliyotokea nje ya daftari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera viliendelea kutoka 1978 hadi 1979. Bei ya mafuta duniani, iliyokwisha kupaa mwaka 1973, ikapaa tena mwaka 1979. Fedha za kigeni zilikauka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walipanga foleni kutafuta sabuni, sukari na khanga, sembuse ringi za pistoni. Kisha, Machi 1983, ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Walanguzi walikamatwa. Watu wengine, kwa hofu tu, walitupa bidhaa zao usiku. Katika miezi ile kopo la oili lililopungua bila maelezo halikuwa jambo la kiufundi. Babu hakufikishwa mbele ya sheria. Alirudishwa nyumbani, na neno likabaki kijijini.

Mwaka uliofuata mashine ilisimama. Ilikaa ghalani miaka kumi, kuku wakitaga ndani ya gurudumu.

Baba Mkubwa aliinunua kwa bei ya chuma chakavu mwaka 1994. Wakati huo alikuwa amefanya kazi gereji Morogoro kwa miaka kadhaa, na nchi ilikuwa imebadilika. Tangu 1984 wafanyabiashara waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mwaka 1986 serikali ya Rais Mwinyi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na spea zikarudi madukani. Jambo la kwanza alilofanya ni kufungua nati za mlango wa chumba cha krenki. Ndani, nyuma ya tundu la kupumulia, alikuta kipande cha kandambili. Kilikatwa mviringo kwa uangalifu, kikapigwa nyundo mpaka kikajaa tundu lote. Kilikuwa kimekauka kama pembe.

"Nilikaa chini, mwanangu," aliniambia. "Nilikaa chini pale pale kwenye kinyesi cha kuku."

Aliposhusha silinda aliona mengine. Ringi mbili za pistoni zilikuwa zimeganda kwenye mifereji yake kwa masizi, ya tatu imechakaa. Mambo haya huja polepole, hasa kwa injini inayozungushwa muda mrefu bila mzigo ikisubiri wateja, kwa sababu dizeli haiungui vizuri na masizi hujenga. Ringi zikiganda, moshi wa mlipuko hupita kando ya pistoni na kushuka katika chumba cha krenki. Kisahani hakiwezi tena kushindana na msukumo huo. Tundu la kupumulia linaanza kutema ukungu wa oili. Mtu yeyote anayetazama anaona oili ikitoka tunduni, na anasema tundu linavuja.

Kamati iliona hivyo. Iliagiza pazibwe, na babu, ambaye ringi mpya hakuwa nazo wala hakuwa na pa kuzipata, alikata kandambili. Msukumo ulipokosa tundu ulitafuta njia kila penye mwanya: kwenye ncha mbili za krenki, kwenye miongozo ya vifimbo vya vavu, kwenye gasketi ya mlango. Oili iliyofika kwenye krenki ilidakwa na magurudumu na kurushwa ukutani. Bibi anakumbuka kwamba mwaka ule babu alirudi nyumbani na mstari mweusi wa oili kifuani, siku baada ya siku, mahali pale pale shati linapokabiliana na gurudumu. Kwa hiyo daftari linasema kweli: baada ya Novemba 1982 oili iliisha haraka kuliko zamani. Kilichoongeza uvujaji ni dawa ya uvujaji.

Mwaka jana nilimwomba Baba Mkubwa anionyeshe jinsi anavyotafuta uvujaji, tangu mwanzo, kama vile simjui wala siijui injini. Alikubali kwa sharti kwamba niache kuandika na nishike tambara.

Tuliiosha kwanza. Mafuta ya taa, brashi, kisha tambara kavu, mpaka chuma kikaonekana rangi yake. Alisema nusu ya mafundi hushindwa hapa, kwa sababu wanatafuta oili ya leo katikati ya oili ya mwaka mzima. Kisha akachota unga kiganjani na kuupuliza juu ya injini yote, ukakaa kama vumbi. Gereji za mjini hutumia poda au chaki. Mashineni unga haununuliwi. Tukapima dipstiki, kwa sababu injini iliyojazwa kupita kiasi huvuja bila kuwa mbovu. Akachovya kidole na kusugua: oili nzito na inayoteleza ni salama, lakini ikiwa nyepesi na inanuka dizeli, au ikiwa imepanda kwenye dipstiki badala ya kushuka, basi dizeli inaingia ndani na tatizo liko kwenye pampu au injekta. Akapiga hendeli. Injini ikashika. Tukaiacha ifanye kazi na mzigo, debe mbili za mahindi ya jirani, tukazima.

Sehemu kubwa ya unga ilibaki nyeupe. Palipolowa paligeuka rangi ya chai. Palikuwa na doa chini ya mlango, na doa jingine refu upande wa pampu ya dizeli. "Usiangalie chini," alisema. "Anza juu. Fuata mahali unga ulipoanza kulowa, si ulipoishia." Doa la mlangoni, tulipolifuata, lilianzia karibu na sentimita kumi juu, kwenye bolti moja iliyolegea.

Kabla ya kugusa bolti alileta kifaa alichokuwa amekihifadhi kwa ajili hii: mpira mwembamba unaoonyesha, ule ambao mafundi ujenzi hujaza maji kupimia levo ya ukuta. Aliukunja kama herufi U, akatia maji kidogo, akafunga ncha moja kwenye tundu la dipstiki na kuacha nyingine wazi. Akawasha tena. Maji upande wa injini yalipanda, yakitetemeka, upana wa vidole viwili juu ya upande wa pili. Injini ilikuwa inavuta. Pumzi yake ilikuwa nzima, kwa hiyo doa lile lilikuwa la bolti na gasketi tu. "Ukikuta maji yamesukumwa," alisema, "usinunue gasketi. Utanunua gasketi zote za Dodoma."

Gasketi aliikata mwenyewe. Aliweka karatasi ya gasketi juu ya mdomo wa chumba, akaigonga taratibu kwa upande wa mviringo wa nyundo kufuata ukingo, mpaka chuma chenyewe kikaikata karatasi. Upande mmoja aliupaka grisi ili mlango ufunguke tena siku nyingine bila kuichana. Nati alizikaza kwa msalaba, moja na inayoikabili, kidogo kidogo, kwa sababu mlango uliokazwa kwa hasira hupinda na huvuja milele.

Kisha, bila mimi kumwomba, alifanya jambo la mwisho. Injini ikiwa inazunguka na mpira wa levo ukiwa bado umefungwa, alikunja tambara nene na kulibana juu ya tundu la kupumulia. Maji yalisita, yakashuka, yakapanda upande wa pili. Tulisubiri. Kwenye ncha ya krenki, mahali palipokuwa pakavu na peupe kwa unga, ulitokea mstari mwembamba wa oili, ukanenepa, ukafika kwenye gurudumu.

Aliondoa tambara.

"Basi hivi ndivyo walivyomfukuza baba yangu," alisema.

Baba Mkubwa ana hakika. Mimi nina kazi ya kuandika tasnifu, na nilihitaji kumsikia pia mtu wa upande wa pili. Mwenyekiti wa kamati ile yu hai, mzee sana, haoni vizuri. Nilimwamkia, akaniuliza mimi ni wa nani, nikamwambia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema nikae. Hakukana kitu. Aliniambia kwamba walikuwa wakitakiwa kupeleka hesabu wilayani, na hesabu ya oili haikulingana. "Wilaya ilituuliza sisi," alisema. "Sisi tungemuuliza nani?" Hakujua tundu lile lilikuwa la nini. Hakuna mtu kijijini aliyejua, babu akiwemo, kwa sababu mashine ililetwa bila kitabu wala mafunzo zaidi ya siku ile ya kuwashwa.

Maneno yake yamenisaidia kuliko vitabu vingi nilivyosoma kuhusu miaka ile. Msukumo ulitoka kwenye bei za dunia na hazina tupu, ukashuka kwa taifa, mkoa, wilaya, kamati, ukatokea kwa mtu wa chini kabisa aliyesimama karibu na gurudumu. Hapo ndipo ulipoonekana, na hapo ndipo ukapewa jina. Utunzaji mbovu ni maelezo ya mahali tone lilipodondokea. Ukweli wake ni ule wa kopo chini ya injini: oili ipo kweli. Lakini mtu anayeishia hapo hajauliza kwa nini ringi za Shilingi kadhaa zilikosekana miaka miwili katika mikoa miwili, wala nani aliamua kwamba kijiji kipewe injini bila kupewa njia ya kuitunza. Tena maelezo hayo yana gharama hadi leo. Vijana wa rika langu tumekua tukiamini kwamba wazazi wa wazazi wetu waliharibu kila walichopewa, na tunalirudia jambo hilo kwenye vijiwe na kwenye semina kama vile ni tabia ya damu.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo injini haiwezi kulithibitisha. Inaweza kuonyesha oili ilipotea vipi. Haiwezi kuapa kwamba babu hakuuza hata lita moja. Baba Mkubwa hapendi nilisemee hili, na ninaelewa. Nilimpelekea Bibi swali hilo peke yake, jioni, akichambua mboga. Hakukasirika.

"Mjukuu wangu," alisema, "mwaka ule sabuni tuliipata wapi?"

Nilisubiri aendelee. Hakuendelea. Kesho yake nilimuuliza kama naweza kuandika aliyoyasema, akaniambia niandike, lakini niandike kama swali, kwa sababu alilisema kama swali.

Hivyo ndivyo nilivyoandika. Katika tasnifu nina jedwali la mashine nilizozifuatilia, na safu moja ina kichwa "Sababu ya kusimama". Kwenye mstari wa kijiji chetu sikuweka neno moja kama kwenye rasimu za watafiti niliowatangulia kuwasoma. Nimeweka tarehe: ringi zilikosekana Agosti 1982, tundu la kupumulia lilizibwa kwa agizo Novemba 1982, mwendesha mashine alisimamishwa Mei 1983, injini ilisimama 1984, ilitengenezwa 1994 kwa ringi za Rajkot na kisahani kilichokatwa kutoka bati la kopo. Swali la Bibi liko kwenye maandishi, ukurasa unaofuata jedwali.

Kijiji sasa kina umeme. Jirani yake Baba Mkubwa amefunga mota, haitoi moshi, haidondoshi kitu, na wateja wengi wamehamia huko. Lista huwashwa umeme ukikatika. Miezi michache iliyopita mota ile iliungua, na habari iliyonifikia kwanza kwa simu ni kwamba kijana anayeiendesha ni mzembe, aliipa mzigo mkubwa. Baba Mkubwa, ambaye hana faida yoyote mota ile ikipona, alichukua kipimo cha umeme akaenda kupima waya unapoingia ukutani, saa za jioni ambapo kijiji kizima kimewasha taa. Umeme ukiwa hafifu mota huvuta mkondo mkubwa zaidi na kupata moto yenyewe. Alipima jioni tatu mfululizo na kuandika namba kwenye kurasa za mwisho za daftari la kamati, ambazo zilikuwa zimebaki tupu tangu 1984. Kisha akamwita yule kijana aje azisome.